Kitambaa cha Njano Siku ya Msiba

Mzee Senyagwa alifariki Jumanne jioni. Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, nilipokwenda kushusha kadi ya chavua kwenye nguzo, wageni wa kwanza kutoka Kongwa walikuwa wameshaketi kwenye mikeka mbele ya nyumba yake. Walijifunga leso puani, kama wafanyavyo watu wasioijua chavua yetu. Leso haisaidii kitu. Nikawapungia mkono wa pole nikapita, maana ukishaishika kadi huongei karibu nayo.

Mugoli alikuwa ananisubiri kwenye benchi la kibandani kwangu, kichwa amekiegemeza ukutani.

"Umeamkaje, mjukuu wangu?"

"Salama kidogo, Bibi. Nimelala nimekaa."

"Dawa umepuliza?"

"Nimepuliza, nimeosha pua kwa maji ya chumvi, nimejipaka mafuta. Bado tu kuhamia mwezini."

Macho yake yalikuwa yamevimba, mekundu. Wageni waliokuwa wanapita walidhani anamlilia marehemu, wakawa wanampa pole, na yeye akawa anaitikia kila mmoja, hamkosoi mtu. Hakuwa mjukuu wangu wa damu. Ni binti wa Loisi, jirani yangu wa ukuta mmoja, na amekua akipita kwangu kama kwao. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anashona nguo za kwaya, na kila mwaka migemo, miti yetu ya maji, ikianza kuchanua alikuwa anaumwa wiki sita mfululizo. Ndiyo maana nilimchagua awe msomaji wa pili. Mtu anayeumwa na kitu hakisomi kwa haraka.

Nikaiweka kadi chini ya hadubini. Kadi yenyewe ni ndogo, haizidi kiberiti, imepakwa mafuta ya mgando na kuchorwa vyumba kama daftari la hesabu. Inakaa juu ya nguzo siku nzima na usiku wake, na kila kinachoelea hewani kinanasa. Unahesabu chumba baada ya chumba. Mchanga unauruka, unywele unauruka. Punje ya mgemo ni ya mviringo, ya njano, na ina pembe tatu. Ukiona pembe tatu, unachora kijiti.

Nikahesabu, nikachora vijiti vyangu upande wa kushoto wa karatasi, nikaufunika kwa mkono. Akahesabu yeye, akachora upande wa kulia. Ndivyo inavyotakiwa: wasomaji wawili, nyumba mbili, na mmoja asione za mwenzake.

"Mimi nimepata mia mbili thelathini na moja," alisema.

Mimi nilikuwa na mia mbili ishirini na nane. Sikumwambia.

Ukomo ni mia mbili. Chini ya hapo tunapandisha kitambaa cha njano: kila mtu avae vichujio vyake puani, madirisha yafungwe mpaka saa nne, nguo zisianikwe nje, maisha yaendelee. Ikivuka mia mbili ni chekundu. Kitambaa chekundu kikipanda, nguzo inatuma neno mizizini, na ndani ya saa moja maua ya migemo yote ya mtaa yanajifumba kama miavuli. Hewa inasafika, hata mwenye pumu anaweza kutembea kifua wazi. Lakini mgemo uliofumbwa umelala, na mti uliolala haunyonyi unyevu hewani. Bomba lililo shinani mwake linakauka siku tatu. Na sisi hatuna maji mengine. Kabla ya miti hii tulikuwa tunafukua mchanga wa korongo na kuchota kwa kata, na wapo mtaani wanaokumbuka foleni ile. Mimi ni mmoja wao.

Nikatazama nje. Kina mama walikuwa wameshapanga mafiga, masufuria makubwa yamekaa juu yake, matupu. Marehemu alikuwa bado hajaogeshwa. Basi la pili lilikuwa njiani kutoka Mpwapwa.

"Umehesabu na vumbi," nilimwambia Mugoli. "Vyumba vya pembeni vyote ni vumbi."

"Vumbi halina pembe, Bibi."

"Nimesoma kadi hizi tangu hujaanza shule, mwanangu. Angalia tena."

Akainama kwenye hadubini. Alikaa hapo muda mrefu kuliko alivyokaa mara ya kwanza. Alipoinua uso alitazama kule kwenye mikeka, halafu akanitazama mimi, akapenga kamasi kwenye kitambaa chake.

"Basi ni vumbi," alisema.

Nikaandika mia moja tisini na moja. Nikaweka sahihi, naye akaweka ya kwake chini ya yangu. Kisha nikaifuta kadi kwa pamba, nikaipaka mafuta mapya, kama ifanywavyo kila siku. Tulipotoka nje, mama yake aliita kutoka ng'ambo ya ukuta. Loisi haangaliagi kitambaa. Huwa anauliza kwa mdomo.

"Bibi, ngapi leo?"

"Mia moja tisini na moja," nilimjibu.

"Ah, afadhali. Nilikuwa naogopea huo msiba."

Nikapandisha cha njano.

*

Maji yalitoka vizuri siku ile. Mgemo ulio mbele ya kwa Senyagwa ndio mkubwa kuliko yote mtaani. Ukifungua bomba lake unajaza ndoo kabla hujamaliza kumsalimia mtu. Kina mama walipanga foleni, wakacheka kidogo, wakanyamaza walipokumbuka walipo. Marehemu akaogeshwa kwa maji tele. Mjumbe wetu, Malogo, alinipita na debe mkononi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mungu akubariki, mama." Hakusema kwa ajili ya nini. Wengi mtaani walijua kuwa kadi za wiki ya tatu ya maua huwa haziko chini ya mia mbili, na hakuna kati yao aliyeniuliza.

Nilijiambia wageni ni watu wazima, watakaa ndani. Nilijiambia wenye pumu mtaani ni wanne tu na wote wanajijua. Nilikuwa na mengi ya kujiambia.

Mugoli alikuwa anabeba maji kutoka bombani kwenda jikoni, vichujio viwili vimekaa puani kama vipande vya mwanzi. Saa tano hivi msafara wa Mpwapwa ukashuka, wanawake wakaingia wakilia, na kila anayepita anakukumbatia, analia begani kwako, na wewe unalia naye. Nilikuwa nimekaa na Loisi tunachambua mchele.

"Mugoli," mama yake alimwita, "toa hivyo vidude, mwanangu. Dada zake marehemu wanakuja kukupa mkono, watadhani unawaonea kinyaa."

"Mama, leo kifua hakijatulia."

"Dakika mbili tu. Bibi kasema ni mia moja tisini na moja. Siyo nyekundu."

Mugoli alinitazama. Mimi nikainamia mchele.

Akavitoa, akaviweka kwenye mfuko wa gauni. Akalia na dada wa kwanza, akalia na wa pili, mpaka watu wakasema huyu binti ana moyo. Baadaye upepo ukaamka, mgemo mkubwa ukatikisika, na unga wa njano ukashuka juu ya mifuniko ya masufuria. Watoto walikuwa wanaandika majina yao kwa vidole juu ya mifuniko hiyo.

Sikumwona alipoondoka. Aliyemwona ni mke wa Malogo, aliyekwenda nyuma ya nyumba kumwaga maji machafu akamkuta amepiga magoti, mikono ameikaza kwenye tofali, mdomo wazi, hewa haiingii wala haitoki. Pampu yake ya pumu ilikuwa nyumbani, juu ya cherehani. Hatua chache tu. Loisi alikimbia, akarudi nayo, akampulizia mara nne. Tukampakia kwenye bajaji, kichwa chake kwenye mapaja ya mama yake. Nilimshika mguu, mpaka bajaji ikaanza kuondoka ikanibidi niuachie.

Nikaenda kwenye nguzo, nikashusha cha njano, nikapandisha chekundu. Saa nane kasoro. Maua yakaanza kujifumba moja moja juu ya vichwa vya waombolezaji, na bomba likakohoa likakauka katikati ya kuosha vyombo. Hakuna aliyelalamika. Habari ilikuwa imeshafika kwamba amekata roho kabla ya kufika hospitali.

*

Siku ya tano baada ya kumzika Mugoli akaja kijana kutoka Ofisi ya Miti, Bwana Kihwele, mpole, shati limepigwa pasi. Alikaa kibandani kwangu, kishikwambi chake kimelala juu ya magoti. Malogo alikuwepo, na Loisi aliitwa akaja, kanga ameifunga kifuani, nywele hajachana.

"Bibi, asubuhi ilikuwa njano, saa nane nyekundu," alisema Kihwele. "Nini kilibadilika?"

"Upepo uligeuka," nilisema.

Ni kweli uligeuka. Akaandika.

"Na kadi ya asubuhi ilisomwa na wawili. Wewe na marehemu mwenyewe."

"Ndiyo."

"Marehemu aliridhia hesabu."

"Aliweka sahihi."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akamgeukia Loisi. Alisema kwa upole, na sidhani kama alijua anasema nini. "Mama, pole sana. Nimeelezwa kwamba vichujio vilikutwa mfukoni. Kwenye siku ya njano, mwenye pumu akitoa vichujio, kanuni inasema ni uzembe wa mwenyewe au wa familia. Lazima nijaze hivyo. Ni fomu tu. Hakuna atakayekushtaki."

"Jaza," alisema Loisi. "Ni mimi niliyemwambia avitoe."

"Mama, si lazima useme..."

"Jaza jina langu. Aliniambia kifua hakijatulia. Nikamwambia dakika mbili."

Akaweka kidole gumba pale alipoonyeshwa, akaondoka bila kuaga. Kihwele akaenda kupima shina la mgemo mkubwa. Tukabaki mimi na Malogo.

Malogo ni mtu wa miaka sitini na kitu, amenizidi maneno siku zote. Siku hiyo aliyatafuta.

"Mama," alisema, "najua unachowaza."

"Hujui."

"Najua. Ilikuwa ngapi?"

Nikaanza kuipangusa hadubini.

"Basi usiniambie. Usimwambie mtu. Ukilisema hilo, wiki ijayo wanang'oa kibanda hiki, wanaweka mashine ya kusomea kadi. Unajua Mtaa wa Nne waliwekewa mashine. Mwanamke alijifungua siku ya nyekundu, wakamwosha mtoto kwa maji ya chupa, ya kunywa, wamechangishana nyumba kwa nyumba. Mashine haina jirani."

Ni kweli pia. Sisi wenyewe ndio tuliokataa mashine zamani zile migemo inapandwa. Tulikaa kikao uwanjani tukasema anayetufungia maji awe mtu tunayemjua jina, mtu anayeweza kutazama nje ya dirisha kabla ya kuandika. Wakanichagua mimi kwa sababu nilikuwa na subira. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini kuhesabu nilikuwa sichoki.

"Na Loisi?" nilimwuliza Malogo.

"Loisi ana sisi. Tutakuwa naye."

"Anaamini amemuua mwanawe."

"Kila mama aliyefiwa anaamini hivyo," alisema. Akajikuna shingo, hakunitazama. "Wote tuliyanywa yale maji, mama. Hukutenda peke yako."

Alikuwa ananipa kitu kikubwa, nilikiona. Mtaa mzima ulikuwa tayari kunibebea. Ningeweza kukipokea nikakaa nacho mpaka nife, na hata siyo mbali. Kadi ilishafutwa. Msomaji wa pili alishazikwa. Kihwele alirudi, akafunga kishikwambi, akasema kesho saa nne atapita kuchukua sahihi yangu ya mwisho.

*

Sikusubiri kesho. Nilijifunga kanga, nikazunguka ukuta.

Loisi alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, mbele yake beseni la maji ya uvuguvugu. Alikuwa anaosha vichujio vya Mugoli. Vilikuwa vingi, vya msimu mzima, na alikuwa anavisugua kimoja kimoja kwa mswaki mdogo, anavipuliza, anavipanga juu ya taulo.

"Karibu, Bibi. Kuna kigoda kingine pale."

"Nitasimama."

Akainua uso.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini njia ni fupi. "Ile asubuhi haikuwa mia moja tisini na moja," nilisema. "Mimi nilipata mia mbili ishirini na nane. Mugoli alipata mia mbili thelathini na moja. Ilikuwa nyekundu. Nilipunguza kwa sababu ya msiba, ili maji yasikatwe. Nilimwambia Mugoli amehesabu vumbi. Halafu wewe ukaniuliza, nikakudanganya."

Mswaki ulisimama. Maji yakawa yanadondoka kutoka mkononi mwake kurudi kwenye beseni.

"Sema tena," alisema.

Nikasema tena, yote, na nambari zake.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu, Bibi. Huwa nakuuliza kila siku kwa sababu siamini vitambaa. Nilikuwa nakuamini wewe."

"Najua."

"Ungeniambia tu kwamba imevuka mia mbili, hata kama ungepandisha njano. Ungeninong'oneza. Ningemfungia ndani."

Hilo sikuwahi kulifikiria. Siku zote zile tano nilikuwa nimejipima kwa maji na kwa msiba, na kumbe kulikuwa na ukuta mmoja tu na neno moja la kunong'ona.

"Yeye alijua?" aliuliza.

"Nilimwambia aangalie tena. Akaangalia. Akawatazama wafiwa, akanitazama mimi, akasema basi ni vumbi."

"Sikuulizi alisema nini. Alijua?"

"Sijui, Loisi. Sijui kama aliniamini au alinionea huruma. Ninaliwaza hilo kila ninapofumba macho."

Akachukua kichujio kimoja, akakigeuza, akalitazama tundu lake kwenye mwanga.

"Angekuwa mjukuu wako wa kuzaa," alisema, "ungeandika ngapi?"

Nilijua jibu ambalo mtu wa heshima angelitoa, kwamba ingekuwa ileile. Nilijua pia kwamba nimeshamdanganya mara moja.

"Ningepandisha nyekundu," nilisema.

Kuku alipita katikati yetu, akadonoa taulo, hakuna aliyemfukuza.

"Kesho saa nne yule kijana atarudi," nilisema. "Nitamwambia kama nilivyokuambia. Atalifuta jina lako kwenye ile fomu aweke langu. Watu watakasirika, kwa sababu ya mashine. Nitawaambia wanikasirikie mimi."

"Fanya utakavyo na fomu yako." Sauti yake haikupanda. "Siku tano sijamlilia mwanangu. Unajua? Kila nikianza kulia naona mkono wangu unamtoa vichujio, machozi yanarudi. Nilikuwa sina haki ya kulia." Akaweka kile kichujio juu ya taulo, kwenye mstari wake. "Sasa toka kwangu, Bibi. Nataka nimlilie."

Nikatoka. Sikufika hata kwangu. Nilikuwa nimeshika ukuta kwenye kona nilipomsikia. Sauti yake ilianza chini, kama mtu anayeita kitu kisimani, halafu ikapanda ikafunika mtaa. Madirisha yakafunguka. Kwetu mama aliyefiwa akipiga ukunga, hakuna mwanamke anayekaa alipo. Unaacha chungu jikoni, unamwacha mtoto kwa yeyote, unakwenda kumshika. Wakaanza kuja. Mke wa Malogo alikuja na unga mikononi. Mjane wa Senyagwa, naye bado yumo edani, alikuja akijikokota na fimbo. Walipita mbele yangu mmoja mmoja, wakaingia kwa Loisi, na sauti zao zikajiunga na yake.

Mjane wa Senyagwa alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni akanigeukia, amenyoosha mkono wake.

"Dada, mbona umesimama? Twende tukamshike mwenzetu."

"Tangulia," nilimwambia.

"Huingii?"

"Mpaka aniite."

Akanitazama kama asiyeelewa, na kwa kweli alikuwa bado hajaelewa. Kisha akaingia, akauvuta mlango nyuma yake, nao haukufunga vizuri. Nikaketi chini palepale, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha mbele. Kupitia ule upenyo niliwasikia wakimwita Mugoli kwa jina, na mama yake akiwaitikia. Jua lilihama kutoka miguuni kwangu mpaka kifuani. Niliendelea kusikiliza kama kuna mtu atakayetaja jina langu.